Jiko la makaa si dawa ya baridi karakanani

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, sisi wakazi wa Limuru huamkia ukungu na baridi ya kukata mifupa. Mafundi wengi hapa hatuna uwezo wa kukodisha karakana mjini. Tunafanyia kazi katika vibanda vya mabati nyuma ya nyumba zetu. Vidole hufa ganzi, na hata gundi ya mbao hukataa kushika.

Ndipo wengi wetu huingiza jiko la makaa na kufunga mlango.

Miaka michache iliyopita, mpwa wangu ninayemfundisha useremala alifanya hivyo. Aliziba hata nyufa kwa matambara. Nilimkuta ameketi sakafuni, anatapika na kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulimtoa nje, tukamkimbiza hospitalini akawekewa oksijeni. Alipona. Wengine hawakupata bahati hiyo.

Alijitetea kwamba makaa yalikuwa yameiva na hayakuwa na moshi. Hapo ndipo tunapodanganyika. Hewa ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zinazozidi za oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mtu hulegea kabla hajatambua kuna hatari. Isitoshe, karakana ina vanishi na thina, ambazo mvuke wake hushika moto upesi.

Kila msimu wa baridi tunaonywa tusilale na jiko ndani. Onyo hilo ni zuri, lakini halitoshi. Kumwambia fundi aache jiko bila kumwonyesha njia nyingine ni sawa na kumwambia aache kazi.

Njia zipo, na si za gharama kubwa. Kwanza, tuzuie joto lisitoroke. Paa la mabati matupu hulipoteza upesi, kwa hivyo tupige dari, hata kwa mabaki ya plaiwudi, na tuache matundu ya hewa. Pili, tusisimame juu ya saruji siku nzima. Jukwaa la mbao kuukuu chini ya miguu huleta nafuu kubwa.

Tatu, tupashe mtu joto badala ya kibanda kizima. Hita ndogo ya umeme ya wati 1,000 hutumia yuniti moja kwa saa. Ikielekezwa kwa anayefanya kazi, mbali na vanishi na maranda, nusu saa asubuhi yaweza kutosha. Nne, tupange kazi. Kupiga randa kwa mkono kufanywe asubuhi kwa sababu kunachangamsha mwili, nayo gundi na rangi zisubiri jua la alasiri.

Mambo haya yafundishwe katika vyuo vya ufundi sawa na tunavyofundishwa kushika msumeno. Machifu nao wayazungumzie katika mabaraza kabla ya Juni, wasingoje hadi matanga. Na sisi tulio na wanagenzi tukumbuke kwamba kijana huiga anachokiona. Mpwa wangu hakujifunza kwingine kuingiza jiko kibandani, alijifunza kwangu.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Hii inayo, na inaanza kwa kuliacha jiko nje.