Intaneti ikikwama Ikwiriri: tatizo liko nyumbani au baharini?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora karibu nchi nzima. Kwa aliyeko Ikwiriri ilikuwa rahisi kulaumu mvua: siku nane nyuma kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika Mafia, na bonde la Rufiji lilikuwa limetoka kufurika. Kumbe chanzo kilikuwa mbali. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zote zinazofika Dar es Salaam, zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Siku ile, kuzima na kuwasha ruta kusingesaidia, wala kununua bando jipya. Pesa nyingi hupotea hivyo. Bando kubwa ni kama mtumbwi uliopakia magunia mengi zaidi: hauvuki Rufiji haraka zaidi kwa sababu hiyo.

Basi tuanzie nyumbani. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, piga simu ya video. Ikienda vizuri hapo halafu ikakatika chumbani, tatizo ni kuta au umbali. Iweke ruta juu, mahali pa wazi, mbali na jokofu. Ruta inayotumia laini ya simu huwa nzuri zaidi dirishani, upande wa mnara.

Ikisumbua hata ukiwa karibu, waombe wote wajitoe kwenye Wi-Fi. Simu moja tu inayopandisha video, au inayosasisha programu zake kimyakimya, inaweza kuchelewesha nyumba nzima. Na nywila, je, jirani hanayo?

Bado? Zima Wi-Fi, jaribu data ya simu ya mtandao mwingine. Huo ukiwa mzima, wenye shida ni mtandao wako. Ikiwa ni jioni tu, huenda mnara umezidiwa na watumiaji. Mitandao yote ikisuasua, tena kwa siku nzima, sikiliza taarifa ya habari kabla ya kumwita fundi.

Kinachotukera ni kwamba siku za bando huendelea kuhesabika hata mtandao ukiwa umelala. Andika tarehe na saa, lalamika kwanza kwa kampuni yako na udai namba ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, peleka lalamiko hilo TCRA.