Mahindi ya ukungu si chakula cha mbwa

MVUA ya Kakamega haina huruma na mahindi. Asubuhi jua huwaka, akina mama wakaanika mahindi kwenye maturubali nje ya nyumba. Alasiri wingu likitanda, watoto huitwa mbio wayakusanye kabla matone ya kwanza hayajaanguka. Kesho yake mambo ni yale yale, hadi mahindi yanaingia ghalani kabla ya kukauka sawasawa.

Msimu mmoja wa mavuno nilipita katika boma moja hapa Shieywe. Nilimkuta nyanya mmoja ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua mahindi. Punje safi alizitia guniani. Zilizokuwa na ukungu wa kijani na zile zilizooza alizitupa kwenye karai.

"Kukhu, hayo ya kwenye karai utayatupa?" nilimuuliza.

"Nitupe chakula, mwanangu? Hayo nitayapeleka posho mill. Ni ya mbwa. Mbwa hana shida, hula chochote."

Mbwa mwenyewe alikuwa amejilaza kando ya mlango, mnene, akitikisa mkia kila alipotajwa. Niliporudi baada ya majuma machache hakuwapo. Niliambiwa alianza kwa kukataa chakula, kisha akatapika, macho na ufizi vikawa vya manjano, na mwishowe akafa. Majirani walisema wezi ndio waliomtilia sumu. Hakuna aliyelishuku lile karai.

Mimi si daktari, na hakuna aliyempasua mbwa yule ili kuthibitisha kilichomuua. Lakini dalili hizo ndizo hasa za sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na njugu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini au sumukuvu. Sumu hii hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi. Usidhani kwamba kusaga au kupika kutakuokoa. Moto wa jikoni huua ukungu wenyewe, lakini sumu hubaki ndani ya ugali.

Tena hili si jambo geni nchini Kenya. Mwaka wa 1977 na 1978, mbwa wengi na kuku walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa kula vyakula vilivyokuwa na sumu hii. Mwaka wa 1981 yakatokea makubwa zaidi wilayani Machakos. Njiwa walikufa kwanza, wakafuata mbwa, na mwishowe wakaanza kuugua watu waliokula mahindi yale yale. Wagonjwa 20 walilazwa hospitalini na 12 kati yao wakafa. Mwaka wa 2004 msiba ulirudi Makueni, Kitui na wilaya jirani. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki.

Je, umeona mpangilio huo, msomaji? Njiwa, mbwa, kisha mtu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mbwa wako akianza kuwa na macho ya manjano, usimwangalie yeye peke yake. Nenda ukaangalie gunia mnalosagia unga wa watoto.

Wengine husema, "Basi nitampa ng'ombe au kuku." Hapo pia umejidanganya. Ng'ombe akila mahindi hayo, sehemu ya sumu hupita katika maziwa, nawe unayarudisha mezani kwa chai ya asubuhi. Mahindi yaliyoota ukungu yazikwe mbali na boma. Na dawa iliyo bora ni kuyakausha mapema, unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha magunia yawekwe juu ya mbao, si sakafuni wala si karibu na ukuta unaotoa maji.

Hayo ni ya vyakula tunavyovikataa sisi wenyewe. Kuna vingine tunavyovila kwa raha, tukampa mbwa au paka kwa mapenzi, kumbe tunamuumiza.

Cha kwanza ni kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vimekaangwa au vimesagwa kuwa unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na paka. Paka ndiye anayeumia upesi zaidi. Ule mchuzi unaoumwagia ugali wake ili "apate ladha" aghalabu una kitunguu ndani yake.

Cha pili ni mifupa ya kuku iliyopikwa. Huku kwetu magharibi mgeni hawezi kuondoka bila kuchinjiwa kuku, na baada ya karamu mifupa yote humwendea mbwa. Mfupa uliopikwa hupasuka kuwa vijiti vyenye ncha kali, vikakwama kooni au kutoboa utumbo.

Cha tatu ni pombe na hamira. Machicha ya busaa bado yana kileo, na mwili wa mbwa hauwezi kukihimili. Unga wa mandazi uliotiwa hamira nao ni hatari ungali mbichi. Akiumeza, hufura tumboni na kutengeneza kileo humo humo.

Cha nne ni vitamutamu vya watoto. Chokoleti, hasa ile nyeusi, huufanya moyo wa mbwa kwenda mbio na inaweza kumletea kifafa. Zabibu, mbichi au zile kavu za kwenye keki, huweza kuharibu figo za mbwa. Njugu za makadamia humlegeza miguu ya nyuma. Baadhi ya chingamu zisizo na sukari huwa na kitamu kiitwacho zailitoli, ambacho hushusha sukari katika damu ya mbwa kwa ghafla. Waelezeni watoto jambo hili kabla ya Krismasi, si baada yake.

Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mnaofuga paka katika vyumba vya kukodi, nina neno lenu. Paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa. Paka wengi wazima huharishwa na maziwa ya ng'ombe. Tena paka ni mla nyama. Asipopata nyama au samaki, macho na moyo wake hudhoofika. Omena waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu watamfaa kuliko nusu pakiti ya maziwa. Na akiugua, tafadhali usimpe vidonge vyako vya paracetamol. Kidonge kimoja chaweza kumuua.

Mbwa naye ana haja gani? Si makubwa. Ugali wa unga ule ule mnaokula ninyi, matumbo au omena waliochemshwa, na maji safi ya kunywa. Mpakulie chake kabla ya kutia kitunguu na chumvi sufuriani. Haitakugharimu hata senti moja zaidi.

Ikiwa amekwisha kula kitu kibaya, usimnyweshe mafuta wala maji ya chumvi. Tazama amekula nini, kiasi gani na saa ngapi, uhifadhi kifungashio au mabaki, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo upesi. Usingoje hadi kesho uone "kama atapona mwenyewe". Kwa sumu ya ukungu hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Daktari anaweza tu kulisaidia ini, na husaidia zaidi akifikiwa mapema.

Nilimweleza kukhu haya yote. Alinyamaza kwa muda, akachukua lile karai lililokuwa limebaki na mahindi nusu, akalitazama.

"Kumbe nilikuwa namlisha mlinzi wangu sumu," alisema. Kisha akaniuliza swali ambalo nakuachia nawe, msomaji, uende nalo hadi ghalani kwako: "Na hilo gunia tunalokula sisi, nani amelichambua hadi chini?"