Mnywaji ana nani Gachoka?

Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya, Embu ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Februari 2024 msiba ukarudi jirani tu, Kangai, Kirinyaga. Kila mara serikali hufunga baa na kumwaga mitungi, basi.

Methanoli mara nyingi haiui papo hapo. Mnywaji huamka kesho yake macho yana ukungu, tumbo linamkata, akidhani ni hangova. Saa hizo ndizo za kumwokoa, na anayemwona ni mnywaji mwenzake, si chifu. Mwenzake huyo wa hapa Gachoka, Embu, afundishwe dalili, na ahakikishiwe kwamba akimfikisha mgonjwa hospitalini hatatiwa pingu.

Pwani njia hii si ngeni: waliowahi kutumia heroini huwafuata wenzao maskanini na kuwaelekeza kliniki ya methadoni, kama ile ya Malindi iliyoanza 2015. Huku kwetu Mbeere, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, zao letu la kutafunwa, Mei 2024, wanasiasa walipigania soko. Sawa, mkulima ale. Lakini kaunti iwaajiri pia walevi wa zamani wawafuate wenzao, kwa posho ya kweli, kabla ya Krismasi.