Mali bila Daftari: Funzo la Amplifaya za Kiingereza

Likizo iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu, mwalimu mstaafu, hadi kibanda cha fundi wa redio mjini Nkubu. Tulibeba kwa zamu sanduku zito la mbao lenye vitufe vichache upande wa mbele. Ilikuwa amplifaya aina ya A60, iliyoundwa na kampuni ya A&R ya Cambridge, Uingereza. Mjomba aliinunua mwaka wa 1984 kutoka kwa mwalimu Mwingereza aliyekuwa akifunga virago kurejea kwao. Kwa miaka mingi ilikaa juu ya kabati, kimya. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuitolea bei kwa sababu ya shaba iliyomo ndani ya transfoma yake. Mjomba alikataa. Alisema fundi atangulie kutoa hukumu.

Fundi aliondoa kifuniko, akaitazama kwa kitambo bila kugusa kitu, kisha akasema: "Mwalimu, aliyeitengeneza hii alijua kwamba siku moja mtu mwingine ataifungua." Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Ninashikilia kwamba sifa ya amplifaya za Kiingereza za zamani ilitokana na mambo mawili: kuacha yasiyohitajika na kuandika yaliyokwisha kujulikana. La kwanza mafundi wetu wanalielewa barabara. La pili ni deni letu sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili.

Tuanze na jina, kwani hapo ndipo aibu yetu inapoanzia. Amplifaya ni chombo kinachopokea umeme dhaifu kutoka kwenye santuri, kaseti au simu, kikautia nguvu ya kutosha kusukuma spika. Katika matumizi ya kila siku, neno kipaza sauti hutumiwa kwa kile anachoshika mhubiri mbele ya kinywa, hutumiwa pia kwa tarumbeta iliyofungwa juu ya gari la mwanasiasa, na wengine hulitumia kwa hili sanduku la katikati. Vyombo vitatu, jina moja! Fundi wa Nkubu hana anasa hiyo. Akichanganya kimojawapo na kingine, atanunua kipuri kisichofaa. Kwa hiyo husema maiki, spika na amplifaya, na anaelewana na wateja wake wote.

Uhusiano wa Waswahili na mashine za sauti za Kiingereza ni wa siku nyingi. Mwaka wa 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri zilizotolewa kwa chapa ya HMV ya kampuni ya Gramophone. Mwaka wa 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia kuunda EMI, na mwaka huohuo mhandisi wake, Alan Blumlein, akawasilisha ombi la hataza ya sauti ya njia mbili, yaani stirio. Mwaka wa 1945 Harold Leak alitangaza amplifaya aliyoiita Point One, kwa maana kwamba upotoshaji wake wa sauti haukuzidi moja ya kumi ya asilimia. Peter Walker, aliyeanzisha kampuni yake mwaka wa 1936, alitoa Quad II mwaka wa 1953: amplifaya ya vali za kioo yenye wati 15 tu.

Baadaye transista zilichukua nafasi ya vali, na hapo ndipo kizazi cha mjomba kilipokutana na vyombo hivi. A60 ilitoka mwaka wa 1976. Miaka miwili baadaye ikafuata NAD 3020 yenye wati 20. Mwaka wa 1983 Julian Vereker wa kampuni ya Naim, mjini Salisbury, alitoa NAIT, ambayo haikuwa hata na kitufe cha kuongeza besi. Ilikuwa na kitufe cha ukubwa wa sauti, cha kusawazisha pande mbili na vibonye vya kuchagua chanzo cha muziki, basi.

Je, kwa nini mtu alipe fedha zake apewe vichache? Sababu yenyewe ni ya kiufundi. Kila hatua ambayo sauti hupitia ndani ya chombo huiongezea uchafu kidogo, kama maji yapitayo katika mifereji mingi kabla ya kufika shambani. Ukipunguza hatua, unapunguza uchafu. Fauka ya hayo, fedha ambayo ingenunua taa na vitufe hutumiwa kununua transfoma kubwa, na transfoma ndiyo inayokipa chombo nguvu. Ndiyo maana sanduku la mjomba lilituumiza mabega.

Linganisha na wofa zinazouzwa leo katika kila mji, kuanzia Chuka hadi Maua. Zina taa za rangi saba na maandishi ya maelfu ya wati kwenye boksi. Lakini hakuna chombo kinachoweza kuendelea kutoa nguvu zaidi ya ile inayoingia kwa waya wa umeme. Ukisoma kibandiko kilicho nyuma ya baadhi ya wofa hizo, utaona kwamba zinakula wati zisizofika hata 100. Wahenga walinena kwamba debe shinda haliachi kutika. Wofa ikiungua, aghalabu hutupwa, kwa sababu kazi yote imefungiwa ndani ya kipande kimoja kidogo kisichopatikana tena dukani.

Najua wapo watakaonikosoa. Watasema kwamba kusifu chombo cha Mwingereza ni kasumba ya kikoloni. Hoja hiyo ina uzito, ila nadhani haigusi kiini cha jambo. NAD 3020 ilibuniwa na Mnorwe, Erik Edvardsen, na ikaundwa Taiwan. Uingereza ilikuwa tu makao ya kampuni. Sauti nayo haikusafiri upande mmoja. Mwaka wa 1968 bendi ya The Tremeloes ya Uingereza iliimba upya Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka wetu. Mkoloni alituachia umeme wa volti 240 na plagi ya miguu mitatu ya mraba, na kwa bahati hiyo A60 ilichomekwa moja kwa moja ukutani kule Nkubu. Ninachokisifu hapa ni utaratibu wa kazi, na utaratibu hauna uraia.

Wengine watasema kwamba vyombo hivi ni vya matajiri wanaokusanya makumbusho. Kule ng'ambo huenda ni hivyo. Mjomba alitaka tu kusikiliza santuri zake za Fadhili William kabla masikio hayajamwacha.

Turudi kibandani. Fundi aliwasha chombo, kikanguruma. "Kapasita zimekauka," akasema. Neno hilo ni sahihi kabisa, kwani ndani ya kapasita za aina ile mna majimaji ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita. Alipozungusha kitufe cha sauti, spika zilitoa mlio kama wa mahindi yanayokaangwa. "Hiki ni kichafu, hakijafa." Transista moja aliipima akaiita mzima, nyingine akasema imeshoti. Alitoa kapasita kwenye televisheni iliyokufa, akahakikisha volti zake hazipungui za zile za awali, akazilehemu. Siku ya tatu chombo kiliimba. Mjomba hakusema neno. Alikaa tu akisikiliza upande mzima wa santuri.

Nilimwuliza fundi alikojifunzia. Alijibu kwamba alifunzwa na fundi mwingine, ambaye sasa ni marehemu. Nikamwuliza kama kuna mahali alipoyaandika. Akacheka.

Hapa ndipo ninapoomba tusimame. Mwaka wa 1947 mhandisi D. T. N. Williamson alichapisha mchoro kamili wa amplifaya yake katika jarida la Wireless World. Mwaka wa 1969 John Linsley Hood alichapisha katika jarida hilohilo amplifaya ya wati 10 iliyotumia transista nne tu kwa kila upande. Wasomaji waliijenga mezani mwao kwa mikono yao. Makampuni ya Uingereza yalikua katika nchi ambayo mtu wa kawaida angeweza kununua jarida, kwa lugha yake mwenyewe, na kujifunza jinsi sauti inavyokuzwa.

Fundi wetu hana jarida kama hilo. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mitihani ya ufundi hufanywa kwa Kiingereza. Ilhali kibandani Nkubu, mafundisho hutolewa kwa Kimeru na Kiswahili: kukauka, kuungua, kushoti, kulehemu, kunguruma. Hiyo ni istilahi iliyokwisha kuundwa na kufanyiwa majaribio. Sisi huketi katika makongamano tukibuni maneno ambayo hakuna fundi atakayeyatumia, tukayapuuza yale yanayotumika kila siku. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye mali hii hazidi kuwa kijana.

Napendekeza jambo moja lisilohitaji fedha. Kila mwanachama wa chama chetu, anapokwenda likizo, aketi na fundi mmoja wa kwao siku moja nzima. Awe wa redio, wa saa, wa baiskeli au wa cherehani. Aandike maneno yake na hatua za kazi yake kama anavyozitamka, bila kumsahihisha. Jarida hili litenge kurasa mbili katika kila toleo kwa ajili ya maandishi hayo, na wahadhiri wetu wayapime kama wanavyopima insha. Mimi nimeanza: daftari langu lina maneno 31 kutoka Nkubu, na fundi ameahidi kunichorea njia ya sauti ndani ya A60, kutoka soketi hadi spika.