Cheti Hakiuzi Kitabu

Ndugu zangu wa kalamu, leo sina hadithi. Nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na makundi mawili ya vijana wenzetu, na yote mawili nimewahi kuwa mwanachama wake. Kundi la kwanza ni la wale wanaosema mwandishi akijishughulisha na masoko amejishusha hadhi. Kundi la pili ni la wale wanaokimbilia kila kozi ya bure ya masoko inayotolewa mtandaoni, wakakusanya vyeti kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda, kisha wasiuze hata daftari.

Nianze na wa kwanza. Juzi kijiweni kwetu mshikaji mmoja, mshairi mzuri tu, alinisikia nikieleza jinsi ninavyohesabu watu wanaofungua sura ya kwanza ya riwaya yangu. Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. "Mwanangu," akasema, "sanaa haiuzwi kama nyanya!" Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, maana majibu mazuri hunijia usiku nikiwa nimelala.

Jibu lenyewe ndilo hili: laiti sanaa yetu ingeuzwa kama nyanya! Muuza nyanya wa Ilala anamjua mteja wake, anajua anapita saa ngapi, anataka fungu la bei gani, na zikimdodea leo kesho anapunguza mzigo. Sisi tunajua nini juu ya wasomaji wetu? Hamna. Tunachapa nakala mia kwa fedha ya kuungaunga, tunazitia begini, tunawauzia binamu zetu, halafu tunakaa kulalamika eti Waswahili hawasomi.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu. David Maillu wa Kenya alipoanzisha kampuni yake ya Comb Books miaka ya 1970, hakungoja mchapishaji mkubwa amwonee huruma. Aliandika juu ya watu wa mjini, pombe zao, mapenzi yao na ofisi zao, akavichapisha vitabu vyake mwenyewe. Wahakiki walimsema sana, na Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Kuvichukia ni haki yako. Lakini mtu yule alijua anamwandikia nani. Je, wewe unajua?

Sasa nije kwa kundi la pili, na hapa najichapa viboko mwenyewe.

Mimi ni wa kidato cha nne. Chuo sikufika, ada ilikataa. Nafanya kazi katika duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, na bosi wangu, Mungu ambariki, huniruhusu kutumia kompyuta baada ya kufunga, ili mradi bando ninunue mwenyewe. Ndipo nilipokutana na kozi ya bure ya ufundi wa masoko mtandaoni. Msidhani ni kufundishwa maneno matamu ya tangazo. Ni mitambo iliyo nyuma ya tangazo. Unajifunza jinsi Google inavyotuma programu zake kupitia kurasa za dunia nzima; jinsi faili dogo liitwalo robots.txt, lililobuniwa mwaka 1994, linavyoziambia programu hizo zipite wapi na wapi zisiguse. Jinsi ya kuandika kichwa cha ukurasa ili anayetafuta akuone. Jinsi ya kulinganisha matangazo mawili ujue lipi limeleta watu.

Mambo matamu, siyo? Basi mimi niliyafanyia nini? Niliziendesha video kwa kasi maradufu kuokoa bando. Maswali nilibahatisha, nikikosa narudia mpaka nipasi. Kwa usiku chache nikapata cheti. Nikaongeza cha pili, na cha tatu. Nikavichapa kwa rangi pale pale dukani, nikavibandika ukutani geto.

Siku moja akaja shangazi, ambaye anauza samaki Feri. Akavitazama weee, kisha akaniuliza: "Baba, hizi karatasi zinauza nini?" Nikaanza kumweleza habari za injini za utafutaji. Akanikata: "Nimekuuliza zinauza nini."

Sikuwa na jibu. Muswada wangu ulikuwa chini ya godoro mwaka wa pili.

Watu hupenda kulaumu uvivu. Kweli, wengi hawamalizi. Mwaka 2011 kozi ya akili bandia iliyotolewa bure mtandaoni na walimu wa Stanford iliandikisha watu kama 160,000. Waliomaliza walikuwa kama 23,000. Na watafiti waliopima kozi za mtandaoni za Harvard na MIT walikuta kuwa mwaka wa masomo 2017–18 waliomaliza walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Lakini jamani, mimi nilimaliza! Tena kozi tatu! Kumbe kumaliza nako si dawa.

Nikaamua kurudia ile ya kwanza, safari hii kwa masharti. Nawapa bure, kama nilivyopewa.

Sharti la kwanza: ingia darasani na mzigo wako mwenyewe. Kozi ile ilinifundisha kwa mfano wa duka la viatu. Mimi viatu ninavyo pea mbili, sina duka. Kila waliposema "kiatu" mimi nikasoma "riwaya". Nikiona somo moja, nasimamisha video, nafanya kitu hicho hicho kwa sura yangu ya kwanza, na sigusi somo linalofuata mpaka kimefanya kazi. Usiku chache zikawa wiki sita.

Sharti la pili: hesabu kitu kimoja. Usihesabu waliokupa dole gumba, hao hawali nyumbani kwako. Mimi nilihesabu walioacha namba ya simu wakitaka nakala. Somo la viungo lilinifundisha kuongeza maneno machache mwishoni mwa anwani, kama mkia, ili ujue msomaji katokea wapi. Mkia huo huitwa UTM, jina lililobaki kutoka kampuni ya Urchin ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Nikatengeneza viungo viwili vya sura ile ile. Kimoja nikakitupa katika kundi letu la waandishi chipukizi. Cha pili nikampa dada mwenye saluni jirani na duka, awatumie wateja wake.

Waandishi wenzangu walifungua mara 126. Walioagiza: 2. Watu wa saluni walifungua mara 41. Walioagiza: 14.

Nilikaa nikiitazama hesabu ile mpaka mlinzi akaja kugonga. Najua, kwa idadi ndogo kama hiyo mtu asiape. Kozi yenyewe inasema hivyo, na inasema kweli. Lakini ilinichoma. Miaka yote nilikuwa naandika ili nyinyi mnisifu, wakati wasomaji wangu wamekaa kwenye viti vya saluni wakisukwa, na sijawahi kuwapa hata salamu.

Sharti la tatu: tenganisha kanuni na vitufe. Kozi yangu ilitumia masomo mawili mazima kunionyesha vitufe vya Universal Analytics, mtambo wa Google wa kuhesabu wageni, ambao uliacha kupokea hesabu mpya mwaka 2023. Nimeunguza bando kujifunza maiti! Kwa hiyo tazama kwanza somo lilirekodiwa lini. Vitufe huzeeka, kanuni hazizeeki. Mmarekani Claude Hopkins alitoa kitabu chake juu ya sayansi ya matangazo mwaka 1923, na tayari alikuwa anaeleza jinsi ya kutia alama kwenye kuponi za magazetini ili kujua tangazo gani limeleta mnunuzi. Mkia wa kiungo ni kuponi ile ile, imevaa suruali mpya.

Sharti la nne: jua nani analipia hiyo bure. Google hufundisha masoko bure, na fedha yake nyingi hutokana na matangazo. HubSpot hufundisha masoko bure, na kazi yake ni kuuza programu za masoko. Si dhambi, ila ujue. Somo likifika mahali pa kukwambia "sasa lipia tangazo", funga macho, ruka. Mwenye mfuko wangu aanze na wateja wa saluni.

Najua mshairi wangu atauliza: basi kesho utaandika yale tu wanayotaka wasukwaji? La hasha. Sura yangu nilikuwa nimeigawa kurasa tatu, na hesabu ikanionyesha kuwa wengi waliishia ukurasa wa pili, palepale nilipoeleza machweo ya jua kwa aya nne. Zile aya nimezikata, na mkono haukutetemeka. Lakini dada wa saluni aliniomba pia nisimuue bibi. Bibi nimemuua. Hesabu inaniambia nani amenisoma na wapi amenichoka. Nini niandike, hiyo haijui, na siku nitakapoiuliza, nipokonyeni kalamu.

Vyeti vyangu vitatu nimevibandua. Nyuma yake ni karatasi nzuri nyeupe, nimeorodhesha walioagiza: aliyelipa, anayedaiwa, anayetaka ipelekwe Mbagala. Shangazi alipokuja tena aliisoma orodha jina kwa jina, akitikisa kichwa kama anakagua ndoo ya samaki. Mwishoni akaniambia wa saba na wa kumi na moja watanidhulumu. Wa saba amekwisha kunidhulumu.

Ndugu msomaji, ukikutana na kozi kama hiyo, jiunge. Lakini usije kijiweni kunionyesha cheti. Njoo uniambie umemwuzia nani ambaye si binamu yako.

Na wewe mshairi, kahawa nitalipa mimi.