"Mama Dunia" Asiye na Hata Kipande cha Shamba: Mastaa, Hizo Sifa Zinamsaidia Nani?

Kuna mrembo mmoja hapa mjini, jina kapuni, wafuasi kibao. Juzi katupia picha kakumbatia mbuyu, kajifunga kanga, maua kichwani. Kapsheni sasa: mwanamke na ardhi ni kitu kimoja, wote wanazaa, wote wanalea, kwa hiyo mwanamke kazaliwa kuwa mlinzi wa mazingira. Laiki zikamiminika kama mvua za masika, na wenzake wawili watatu wakaiga.

Picha ni kali, hilo halina ubishi. Shida ni hayo maneno.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1974 mwandishi Mfaransa, Françoise d'Eaubonne, alilipa jina la ekofeminisimu: ukandamizaji wa mwanamke na uharibifu wa dunia vina mzizi mmoja. Hapo kuna hoja. Ila baadhi ya waliofuata wakatia chumvi, wakadai mwanamke yuko karibu na asili kwa sababu ya maumbile yake. Hicho ndicho alichokibeba mrembo wetu, huenda bila kujua.

Mwaka 1992 mchumi wa India, Bina Agarwal, aliwapinga. Mwanamke wa kijijini anaujua msitu kwa sababu ndiye anayefuata kuni na maji, si kwa sababu ana tumbo la uzazi. Ni kazi, ni umaskini, ni nani anamiliki nini. Dada wa mjini mwenye jiko la gesi hajui hata mti gani unatoa moshi mwingi, na ni mwanamke vilevile.

Sasa utamu wa kapsheni unageuka mzigo. Ukishasema kutunza mazingira ni asili ya mwanamke, mwanaume keshapewa ruhusa ya kubaki kijiweni anacheza bao. Mama anayepuliza mkaa alfajiri huku machozi yanamtoka haambiwi pole, anaambiwa hongera, wewe ni dunia! Shirika la Afya Duniani lilikadiria moshi wa nishati chafu majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Huo si ukaribu na asili jamani, huo ni ukosefu wa mtungi wa gesi.

Najua ya Wangari Maathai yatakuja, maana ndiye kinga ya kila kapsheni ya namna hii. Haya, atajwe. Alianzisha Green Belt Movement kule Kenya mwaka 1977 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2004. Lakini kina mama wale walilipwa chochote kwa kila mche ulioshika, na mwaka 1989 yeye mwenyewe alisimama kupinga ghorofa la kifahari lisijengwe Uhuru Park, akatukanwa na wakubwa. Ile ilikuwa hela na siasa, si maua kichwani.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Mbona bado kuna wajane wanaofukuzwa na mashemeji kwenye shamba walilolipalilia miaka yote? Hapo ndipo mastaa wapaze sauti. Mama Dunia bila hata robo eka yenye jina lake, hiyo sifa ataipika?

Wewe unasemaje? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.