Afya Nyumbani: Mgonjwa Anayekoroma Baada ya Dawa

Siku hizi yumo katika nyumba kadha wa kadha mgonjwa wa saratani aliyepewa na hospitali mofini ya maji ili kutuliza maumivu. Ni dawa njema, wala haifai kumnyima kwa hofu. Lakini asili yake ni kasumba, nayo ikizidi kipimo humsahaulisha mtu kuvuta pumzi. Kodeini na tramadoli ni za ukoo huo huo, ingawa wako wanaozimeza kama peremende.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye kijiko. Kijiko cha chai huchukua mililita 5, na kile kikubwa cha mezani 15. Atakayekosea kijiko amempa mgonjwa dozi tatu kwa mara moja. Tumia kipimo kilichotoka hospitali, uandike saa ya kila dozi, hasa pale mama na binti wanapopokezana zamu. Pombe na dawa za usingizi huzidisha hatari.

Basi mgonjwa amelala, anakoroma kwa sauti nzito, na nyumba nzima yafurahi kuwa leo amepata usingizi. Usifurahi upesi. Mwite jina lake. Msugue kwa nguvu, kwa vifundo vya vidole, juu ya mfupa wa katikati ya kifua. Asipoamka, huyo hakulala. Mboni za macho yake huwa zimesinyaa kama ncha ya sindano. Hesabu pumzi kwa saa: mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20 kwa dakika, na zikipungua 10 usingoje. Katika ngozi yetu nyeusi rangi ya uso haitakuambia neno; tazama midomo kwa ndani na nyama iliyo chini ya kucha, utaona ukijivu.

Piga simu 999 au 112, au tuma mtu atafute gari. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, umpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5, kifua kiinuke. Wako waonao haya kufanya hivyo mbele ya wakwe. Haya na ingoje. Akiwa hana dalili yoyote ya uhai, bonyeza kifua mara 30, kisha pumzi 2, tena na tena. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu, matapishi yasimsonge. Maji baridi, maziwa na kahawa havisaidii. Asiyejitambua atapaliwa tu.

Dawa ya kuivunja mofini ipo, yaitwa naloksoni. Hupigwa sindano au hunyunyizwa puani, na huamsha kwa dakika chache. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa hata wasio waganga, wanaoweza kumkuta mtu katika hali hii, waweze kuipata; muulize daktari wako. Lakini nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90, na mofini yaweza kukaa zaidi. Mgonjwa huinuka, huomba chai, huwakaripia walioita gari, na gari hurudishwa. Kabla ya jogoo kuwika pumzi zimepungua tena. Mpeleke hospitali hata akikataa, na chupa ya dawa uichukue.